Banda la Mbwa na Usalama wa Jirani

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hata Buruburu na Umoja, watu wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Lakini si wote wakumbukao kwamba mlinzi huyo naye ahitaji makao. Mbwa asiye na mahali pake huzurura penye takataka, huchanganyika na mbwa wasio na wenyewe, na huweza kuwauma watoto wa jirani. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa, maana ugonjwa wa kichaa cha mbwa haujatoweka katika Kenya. Dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Basi banda si anasa. Ni kizuizi baina ya mbwa wa nyumbani na maradhi ya barabarani.

KUCHAGUA MAHALI

Viwanja vya mitaa hii ni vidogo, na nyumba nyingi ni za kupanga. Kwa hiyo yampasa mpangaji kwanza kumwomba mwenye nyumba ruhusa, na kushauriana na jirani ambaye dirisha lake litaelekea banda. Nafasi isipopatikana, ni heri kutofuga kabisa kuliko kumfunga mnyama kwa mnyororo mwaka mzima. Mbwa afungwaye daima huwa mkali, na ukali huo haubagui mwizi na mgeni.

Tena udongo wa huko ni mweusi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei hufura na kunata. Wakati wa kiangazi hupasuka. Saruji ikimwagwa juu yake bila msingi nayo hupasuka. Yafaa kuondoa udongo wa juu, kushindilia mawe na changarawe, kisha kuweka sakafu yenye mteremko ili maji yasituame.

KUJENGA

Chumba cha kulala kiwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyosha. Kwa mbwa wa kimo cha kati, urefu wa futi 3, upana wa futi 2 na kimo cha futi 2 na nusu hutosha. Chumba kikubwa mno hakihifadhi joto la mwili wake katika baridi ya Juni na Julai. Sakafu ya mbao iinuliwe kama inchi 4 kutoka chini, na mlango usielekee upande utokako upepo na mvua. Mabati hushika moto sana mchana; basi banda liwe kivulini, au mbao zipigiliwe chini ya mabati.

Mbele ya chumba uwekwe ua wa wavu wa kumwezesha mbwa kutembea, wenye urefu wa futi 12 na upana wa 6 ikiwezekana. Wavu uwe na kimo cha futi 6, na ncha yake ya chini ifukiwe, kwa kuwa mbwa huchimba. Komeo liwe juu, mtoto mdogo asilifikie.

KUTUNZA

Kinyesi kiondolewe kila siku, kwani huleta minyoo iwezayo kuwadhuru watoto. Matandiko yaanikwe juani ili kupunguza viroboto, na maji safi yasikosekane. Banda si gereza: mbwa atembezwe kwa kamba kila siku.

Zaidi ya yote, mbwa achanjwe afikapo miezi 3, na kila mwaka baadaye, na cheti kihifadhiwe. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata likiwa dogo.

Mbwa hawezi kulaumiwa kwa kuzurura ikiwa hakupewa mahali pa kukaa. Lawama ni ya mwenyewe.