Dondoo Muhimu: Mashine ya gemu kwenye hewa nyepesi ya Ufipa

Baridi ya Sumbawanga, mji wa Ufipa, huwadanganya wenye mabanda ya gemu kwamba mashine zao hazitapata joto. Mji uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, huku juu huondoa joto pungufu.

• Iachie mashine nafasi kila upande. Usiifungie kwenye kabati la kioo, wala usiifunike kitambaa cha kufuma, hata kama kinapendeza.

• Elewa inavyojirekebisha. PlayStation 5 ya mwaka 2020 ina kikomo cha umeme: prosesa hufika gigahezi 3.5 na chipu ya picha 2.23, lakini kazi ikizidi, kasi hushushwa kidogo. Sony walieleza kwamba kupunguza kasi kwa asilimia chache tu huokoa umeme asilimia 10. Xbox Series X imechagua njia nyingine: chipu yake ya picha hubaki kwenye gigahezi 1.825, joto likipanda feni ndiyo inayohangaika. Mashine ikianza kuvuma kuliko kawaida, ikague mapema.

• Kiangazi, vumbi jekundu huziba matundu. Zima, chomoa, kisha fyonza polepole. PlayStation 5 ya awali ina vitundu vya kunasa vumbi chini ya majalada yake meupe. Wengi hawajawahi kuyafungua.

• Umeme ukikatika, chomoa waya kabla haujarudi.