Sheria Ikifutwa, Mashitaka Huenda Wapi?

Mwezi huu tujifunze habari ya kesi moja ya pombe iliyotokea Marekani. Ndani yake mna swali ambalo kila aliyesimama kizimbani, au aliyemsindikiza jamaa yake mahakamani, angependa kujibiwa: sheria ikiondolewa wakati kesi haijaisha, mshitakiwa ana hatia au hana?

Tangu tarehe 17 Januari 1920, Katiba ya Marekani ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe nchini mwote. Sheria ya kutekeleza katazo hilo, iliyoitwa ya Volstead, iliongeza kosa la kupatikana nayo bila ruhusa. Haikuhitajika shahidi aliyemwona mtu akiuza. Chupa ikionekana kwake, mahakama iliweza kushika kwamba ameiweka ili aiuze, na mwenye chupa ndiye aliyepaswa kuonyesha kwamba aliipata kwa halali. Lakini aliyenunua kabla ya katazo, akaiweka nyumbani kwa kunywa yeye, jamaa zake na wageni wake, hakuguswa. Basi tajiri aliyejaza stoo mapema alikunywa kwa raha, na maskini anunuaye chupa mojamoja akakamatwa. Hilo tuliseme wazi. Divai ya Ushirika Mtakatifu nayo iliruhusiwa kwa kibali.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Mnamo Juni 1933, katika jimbo la North Carolina, watu wawili, Chambers na Gibson, walishitakiwa kwa kula njama, kupatikana na pombe na kuisafirisha. Chambers alikiri kosa, ila hukumu yake iliahirishwa hadi kikao cha Desemba. Tarehe 5 Desemba 1933 Katiba ikabadilishwa, na katazo likaondoka. Kikao kilipofika, wote wawili waliomba mashitaka yafutwe, na mahakama ikawakubalia, hata huyo aliyekwisha kukiri.

Serikali haikuridhika, ikakata rufani. Ilisema kuna sheria ya zamani isemayo kwamba sheria ikifutwa, adhabu za makosa yaliyotendwa kabla hubaki. Tarehe 5 Februari 1934 Mahakama ya Juu kabisa, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Hughes, ilikataa. Bunge, walisema, laweza kuhifadhi adhabu za sheria linayoifuta lenyewe. Lakini hapa wananchi walikuwa wameondoa mamlaka yenyewe kwa njia ya Katiba, na Bunge halina uwezo wa kuendeleza lililonyang'anywa.

Tofauti hiyo ni kubwa, nasi wa Afrika Mashariki tuiangalie vizuri. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1980 ya kukataza chang'aa ilifutwa mwaka 2010, lakini iliyoifuta ni sheria nyingine ya Bunge. Huko, sheria ya kufasiri sheria husema kwamba kesi ya kosa la zamani yaweza kuendelea, isipokuwa sheria mpya imesema vingine. Kwa hiyo aliyekamatwa na mtungi kabla ya siku hiyo asingeweza kuitegemea hoja ya Chambers.

Na wale Wamarekani waliokwisha kuhukumiwa kabisa kabla ya Desemba 1933? Mahakama ilisema kwamba habari zao ni nyingine, wala hazikuwa mbele yake. Mtu aliyekamatwa siku moja na Chambers, kwa kosa lile lile, lakini hakimu wake akawahi kumaliza kesi mwezi Novemba, hakupata nafuu yo yote katika uamuzi huo.