Kwa baiskeli katika vijiji vya Qurus

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni hadi lango la Lodoare ina urefu wa kilomita 77, na karibu kila gari la watalii linaloipanda lina haraka moja: kufika kreta ya Ngorongoro. Wengi huipita kata ya Qurus, nje kidogo ya mji wa Karatu, bila hata kujua kuwa wameipita. Hasara ni yao. Ukiiacha lami ukaingia ndani, unakutana na vijiji vya Bashay, Qurus na Gongali, nchi ya vilima vya udongo mwekundu, mashamba ya mahindi, maharage, mbaazi na ngano, na barabara za vumbi zinazounganisha kaya na shule, kanisa na gulio. Hii ndiyo nchi ya baiskeli. Makala haya ni kwa mkazi wa Karatu au Arusha mwenye baiskeli nzima na siku ya mapumziko, na kwa mgeni anayetaka kuyaona maisha ya Wairaqw akiwa karibu nao, si kupitia kioo cha gari.

Kwanza, ujue unapanda wapi. Eneo hili liko kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar es Salaam au Tanga atahema siku ya kwanza hata kwenye mlima mdogo, na hilo si ugonjwa. Apunguze mwendo, anywe maji, kesho yake atakuwa sawa. Ardhi yenyewe imekatwakatwa na makorongo. Ukiyafuata mabega ya vilima, safari ni laini na macho yanafika mbali. Ukianza kuyakata makorongo, kila mteremko unaoufurahia una mlima wake unaokusubiri ng'ambo, tena wenye mawe na mchanga uliolegea. Ukimuuliza mwenyeji njia, usiulize ipi ni fupi. Uliza ipi inapita juu.

Baiskeli ya gia ndiyo inayofaa. Za mtumba zipo kwenye maduka na masoko ya mikoa yote, na ringi ya 26 ina faida kwamba tairi na tyubu zake zinajulikana kwa mafundi wengi. Phoenix ya zamani, ile nzito yenye karia, hubeba magunia na madumu ya maji katika vijiji hivi, kwa hiyo uimara wake hauna shaka. Ila haina gia, na mwendeshaji wake husukuma kwa mguu anapofika mlimani. Kitu cha kukagua kabla ya kila kingine ni breki. Vumbi la Karatu ni laini, linaingia kwenye cheni na kusaga raba za breki. Zibane zote mbili ukiwa umesimama, kisha sukuma baiskeli mbele: gurudumu likizunguka hata kidogo, usitoke.

Majira yana neno lake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo huu hugeuka kuwa tope linalonata kwenye tairi mpaka gurudumu linakwama kwenye fremu. Mvua za vuli hushuka Novemba na Desemba, na baada ya mvua moja kubwa ni busara kuipa njia siku moja ikauke. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Juni, Julai na Agosti asubuhi kuna baridi kali, hivyo sweta na glavu si anasa. Ikifika Septemba kinachosumbua ni vumbi na upepo.

Kwa safari ya kwanza, nashauri nusu siku tu: toka Karatu mjini, ingia Bashay, zunguka ndani kwa ndani kuelekea Qurus au Gongali, urudi kwa njia nyingine. Lami itumie kidogo iwezekanavyo. Asubuhi magari yanawahi lango la hifadhi, na jioni yanateremka kwa kasi kwa kuwa muda wa kuwa ndani unaisha saa 12. Ukilazimika kupita lami, kaa kushoto kabisa, vaa nguo inayong'aa, na usiwe na vipokea sauti masikioni. Kofia ngumu ivaliwe popote, si barabara kuu tu.

Aliyekwisha zoea anaweza kufikiria Mang'ola. Njia inachepuka magharibi mwa mji na kuteremka hadi bonde la Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu, umbali wa kiasi cha kilomita 50 kutoka Karatu. Ni safari ya siku nzima kwa kwenda tu. Huko chini joto ni kali na malori ya vitunguu hutimua vumbi zito. Panga mapema kurudi kwa gari. Kupanda mwinuko ule jioni ukiwa umechoka ni kujitafutia balaa.

Sasa suala la ruhusa, ambalo wageni wengi hulipuuza. Huko Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1968, mwendesha baiskeli anaruhusiwa kupita kwenye njia za wapanda farasi zinazokatiza mashamba, na njia hizo zimechorwa kwenye ramani na kuwekewa vibao. Kwetu ni tofauti. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na vijia vingi unavyoviona ni vya watu wa kaya fulani kwenda kisimani au kwa jirani. Barabara ya kijiji ni ya wote. Kijia kinachoingia kwenye uwanja wa mtu si cha wote, na mpaka wa shamba si njia hata kama umelainika kwa nyayo. Ukiwa kundi, au ukitaka kupita vijijini mara kwa mara, anzia ofisi ya kijiji: salimia, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, saini kitabu cha wageni, ueleze unakoelekea. Omba kijana wa kijiji awaongoze na mkubaliane malipo kabla ya kuondoka. Fedha hiyo inabaki kijijini, nanyi mnapata mtu anayejua daraja lipi limebebwa na maji.

Njiani, mzee hupewa shikamoo hata kama umechoka. Ukikutana na ng'ombe au punda waliobeba maji, shuka, simama pembeni, waache wapite. Kengele huwatia hofu, na mchungaji mara nyingi ni mtoto. Picha ya mtu huombwa kwanza.

Juu ya mashamba upo msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, na huo una masharti mengine kabisa. Uko ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, na haupandwi kwa baiskeli bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro na askari wa kukusindikiza. Nyati na tembo wamo, na usiku tembo hutoka kuingia mashambani. Kwa hiyo ukiwa upande wa msitu, uwe umerudi kabla jua halijazama. Ukimwona tembo, usimkaribie kwa ajili ya picha wala usijaribu kumpita kwa kasi. Geuza ungali mbali na utoe taarifa kijijini.

Maji beba ya kutosha, lita tatu kwa mtu kwa siku kamili. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa nchi hutia madini ya floraidi kwenye maji ya visima vingi, na kuchemsha hakuyaondoi. Tatizo hilo ndilo lililomsukuma Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, kubuni chujio la maji lililompatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Kwa mpita njia wa siku moja floraidi haina madhara makubwa, kwani huharibu meno na mifupa kwa matumizi ya miaka. Hatari ya haraka ni maji machafu, na kuhara ukiwa mbali na nyumbani si mzaha.

Jihadhari pia na minyaa, ile miti ya kijani isiyo na majani inayotumika kama ua. Usukani ukivunja tawi, utomvu mweupe hutoka, na ukiingia jichoni huunguza vibaya sana. Osha mara moja kwa maji mengi safi, usifikiche, kisha nenda hospitali.

Pancha ni jambo la kutarajiwa, maana miiba ipo kila mahali. Beba tyubu ya akiba, pampu, viraka, solusheni na kipande cha msasa. Toa tyubu, ijaze upepo, na kama huna maji ya kuitumbukiza, ipitishe taratibu karibu na mdomo. Upepo unaotoka utausikia kwenye ngozi. Sugua kwa msasa, paka solusheni, subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Kisha pitisha vidole ndani ya tairi pole pole, mzunguko mzima. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo, na asiyeutoa atashuka tena baada ya meta mia.

Ukiumia, Karatu ina Hospitali ya Kilutheri na hospitali ya FAME, na namba ya dharura ya polisi ni 112. Simu iwe na chaji, na kabla hujaondoka mwambie mtu mmoja unapita wapi na unatarajia kurudi saa ngapi.