MVUA ISIYO SAWA: KULINDA SHAMBA WAKATI WA UKAVU

Mvua haigawanyiki sawasawa. Tukuyu, katika milima ya Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka; Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 tu. Tena mvua ya Dodoma huanza yapata Desemba na kwisha Aprili, na mara nyingi mwezi wa Februari hukatika kwa majuma mawili au matatu. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, magunzi huwa matupu.

Hata kijiji na kijiji hupishana. Mwaka mmoja niliwaambia wakulima wapande mahindi, kwa kuwa kipimo cha mvua pale ofisini kilionyesha maji ya kutosha. Kumbe ng'ambo ya kilima ilinyesha mvua ya kulaza vumbi tu. Mbegu ziliota, zikafa, na mzee mmoja alikuwa amepanda akiba yake yote. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo nafundisha hivi: usiulize mvua imenyesha wapi, uliza udongo wako.

1. Pima udongo. Chimba kwa jembe. Kama unyevu haujashuka shibiri moja, usipande mahindi. Uwele waweza kupandwa kabla ya mvua katika udongo mkavu, kama wafanyavyo wakulima wengi wa Ugogo. Lakini usimalize mbegu zote siku moja. Weka za kurudishia.

2. Chagua zao. Mtama na uwele hustahimili ukavu kuliko mahindi. Mtama ukikosa maji hutulia, na mvua ikirudi huendelea kukua. Mtama aina ya Macia, uliotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1999, ni mfupi na hukomaa mapema.

3. Zuia maji. Mvua ya milimita 25 katika eka moja ni kiasi cha lita 100,000, yaani madebe 5,000. Nani awezaye kuchota madebe hayo? Lakini shamba lisilo na matuta huyaacha yateremke pamoja na udongo mzuri. Piga matuta ya kukingama mteremko. Kisha, kila baada ya hatua tatu, funga mfereji kwa kizuizi cha udongo. Kizuizi kiwe chini kuliko tuta, ili maji yakizidi yapite juu yake wala yasibomoe tuta. Katika udongo wa mbuga unaotuamisha maji, fungua vizuizi mvua inapozidi.

4. Palilia mapema. Magugu hunywa maji yale yale ya mazao. Mtama ukiwa na majuma mawili au matatu, punguza miche wakati udongo una unyevu, ubakize miwili kwa shimo.

5. Angalia mifugo. Usiwape ng'ombe mtama mchanga uliodumaa au kunyauka kwa jua. Una sumu iwezayo kuua upesi.

Hatuwezi kuiamuru mvua, lakini twaweza kuipokea vizuri. Kama una mashaka, funga matuta robo eka tu, na sehemu nyingine ulime kama ulivyozoea. Februari mvua ikikatika, chimba kwa jembe pande zote mbili. Utaona mwenyewe unyevu umebaki wapi.