Antena ya Kipokezi Katika Ndege Ndogo Zinazoongozwa kwa Redio

Misitu ya miombo imefunika sehemu kubwa ya Mkoa wa Katavi na nchi inayouzunguka. Mtu anayetaka kuhesabu wanyama au viota katika nchi ya namna hiyo kwa kutembea kwa miguu hutumia majuma mengi. Ndiyo maana wanasayansi wameanza kutumia ndege ndogo zisizo na rubani. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kazi yao ya kutafuta viota vya sokwe kwa picha zilizopigwa na ndege za aina hiyo, katika ukanda wa Mahale, magharibi ya Tanzania.

Hata ndege inayojiongoza kwa msaada wa setilaiti huhitaji kiungo cha redio, ili mtu aliye chini aweze kuingilia kati mambo yanapoharibika. Ndege ndogo inayorushwa na wanafunzi uwanjani hutegemea kiungo hicho tangu inaporuka hadi inapotua. Kiungo kikikatika, ndege huanguka: yaweza kupotea msituni, au kumjeruhi mtu. Mara nyingi chanzo cha ajali ya namna hii ni kipande kidogo cha waya kilichofungwa vibaya. Katika makala haya tutaeleza jinsi antena ya kipokezi inavyochaguliwa na kufungwa, na kwa nini.

Urefu wa antena

Chombo anachoshika mwendeshaji tutakiita kirushio, na kile kilichomo ndani ya ndege tutakiita kipokezi. Kirushio hutoa mawimbi ya redio, nayo husafiri kwa kasi ya nuru, yaani mita 300,000,000 hivi kwa sekunde. Idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Megahezi 1 ni hezi 1,000,000. Kutokana na hayo tunapata kanuni iliyo rahisi kukumbuka:

urefu wa wimbi (kwa mita) = 300 ÷ masafa (kwa megahezi)

Antena iliyo rahisi kuliko zote ni waya ulionyooka wenye urefu wa robo ya wimbi. Katika urefu huo umeme unaoamshwa na wimbi huitikia kwa nguvu, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake.

Kwa miaka mingi ndege hizi ziliongozwa kwa masafa ya megahezi 27, 35 au 72, kwa kadiri ya sheria za kila nchi. Tuchukue megahezi 35. Urefu wa wimbi ni 300 ÷ 35, yaani mita 8.57, na robo yake ni mita 2.14. Waya wa urefu huo ni mrefu mno kwa ndege ndogo. Kwa hiyo watengenezaji waliweka waya wa mita 1 hivi, kisha wakarekebisha sakiti ya kipokezi ilingane nao. Hapa tunaona kwa nini haifai kuukata wala kuukunja waya wa kipokezi cha zamani. Ukiukata, unavunja ulinganifu huo, na umbali ambao ndege yaweza kuongozwa hupungua.

Tangu miaka ya katikati ya 2000, vyombo vingi hutumia masafa ya karibu na megahezi 2,400. Tukichukua megahezi 2,440, urefu wa wimbi ni mita 0.123, na robo yake ni milimita 31 tu. Ukitazama kipokezi cha leo utaona waya mwembamba wenye urefu wa sentimita 15 au zaidi. Usidhani kwamba waya wote huo ni antena. Sehemu kubwa ni kebo yenye ngao ya nyuzi za shaba, ambayo kazi yake ni kupitisha umeme hadi kwenye kipokezi. Antena yenyewe ni ncha ya mwisho, isiyo na ngao, yenye urefu wa milimita 31 hivi. Ncha hiyo ndiyo inayotakiwa kunyooka na kukaa mahali pa wazi. Ikikatika, kipokezi hubaki karibu kiziwi, hata kama taa yake inawaka.

Mwelekeo wa antena

Antena haisikii sawasawa pande zote. Waya ulionyooka hupokea vizuri wimbi linalotoka ubavuni mwake, na hupokea kidogo sana wimbi linalotoka upande unaoelekezewa ncha. Kwa hiyo ni kosa kuielekeza ncha ya antena ya kirushio kwenye ndege, kana kwamba ni bunduki.

Tena wimbi lina mlalo wake. Antena iliyosimama wima hutoa wimbi linalotetemeka wima, na antena iliyolala hutoa wimbi lililolala. Kama antena ya kipokezi imeinama kwa pembe fulani kutoka kwenye mlalo wa wimbi, nguvu inayopokelewa huzidishwa kwa mraba wa kosaini ya pembe hiyo. Kwa nyuzi 0 inapokelewa yote, kwa nyuzi 45 nusu, kwa nyuzi 60 robo, na kwa nyuzi 90 haipokelewi kitu, kwa hesabu. Hali halisi huwa afadhali kidogo, kwa sababu mawimbi hurudishwa na ardhi na vitu vingine.

Ndege hugeuka na kuinama kila wakati, basi pembe nayo hubadilika kila wakati. Ndiyo sababu vipokezi vingi vina antena mbili, nazo hufungwa kwa pembe mraba, moja ikiwa imelala na nyingine imesimama. Tuseme kirushio kiko ubavuni, na antena zote mbili ziko katika bapa linalokabili wimbi. Moja ikiinama kwa nyuzi 30, inapokea robo tatu ya nguvu, na nyingine robo. Moja ikiinama kwa nyuzi 90, inapokosa, nyingine inapokea yote. Hali mbaya kuliko zote ni nyuzi 45, na hapo kila moja bado inapokea nusu. Antena mbili zilizofungwa sambamba hukosa pamoja, na faida ya kuwa nazo mbili hupotea.

Mahali pa kufunga

Mbao nyepesi, karatasi na plastiki ya povu haviyazuii mawimbi kwa kiasi cha kudhuru. Vyuma huyazuia. Vivyo hivyo nyuzi za kaboni, ambazo hutumika kuimarisha mabawa na kiwiliwili cha ndege, hupitisha umeme, kwa hiyo hutupa kivuli cha mawimbi nyuma yake. Mfungaji azingatie mambo haya:

1. Ncha za antena zikae mbali na betri, mota na nyaya nene za umeme, angalau sentimita 5.
2. Kama kiwiliwili ni cha nyuzi za kaboni, ncha zitokezwe nje.
3. Kila ncha iingizwe katika mrija mdogo wa plastiki, nao ugundishwe ili usiyumbe.
4. Kebo isikunjwe kwa kona kali, maana ngao yake huvunjika ndani bila kuonekana.
5. Antena ndefu ya kipokezi cha zamani inyooshwe hadi kwenye mkia, wala isizungushwe kama uzi kwenye kibiringo.

Msitu nao ni kizuizi. Wimbi la mita 8 hupinda na kuuzunguka mti mmoja bila shida. Wimbi la sentimita 12 linakaribiana kwa ukubwa na majani na matawi, na maji yaliyomo ndani ya majani hunyonya nguvu yake. Ndege inayoongozwa vizuri juu ya uwanja yaweza kupoteza mawasiliano mara inaposhuka nyuma ya safu ya miti, hasa wakati wa masika majani yakiwa mengi na yameloa. Kanuni ni kutoiacha ndege ipite mahali usipoiona.

Kupima kabla ya kurusha

Virushio vingi vina kitufe cha kupunguza nguvu kwa ajili ya majaribio. Mtu mmoja ashike ndege, na mwingine arudi nyuma hatua 30 hivi, au kama kitabu cha chombo kinavyoagiza, huku akipunguza nguvu na kuchezesha usukani. Anayeshika ndege aigeuze pande zote. Usukani ukisita katika mwelekeo mmoja, antena ifungwe upya.

Kisha ondoa panga la mota, uzime kirushio, na utazame ndege inafanya nini. Kipokezi kitegwe ili mawasiliano yakikatika mota izimike.

Kabla ya kurusha, ruhusa hutakiwa kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kiwanja cha ndege cha Mpanda na maeneo yaliyo karibu nacho si mahali pa mazoezi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi nayo haiingizwi ndege hizi bila kibali.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na ndege yaweza kujifunza mambo haya kwa redio ya kawaida ya FM yenye antena ya kuvuta. Masafa ya FM ni karibu na megahezi 100. Piga hesabu ya robo ya wimbi, kisha uvute antena yote na kuipima kwa rula. Tafuta stesheni inayosikika kwa unyonge. Isimamishe antena wima, kisha ilaze, kisha izungushe. Ifupishe hadi nusu. Mwishowe weka kipande cha bati kando yake. Andika kila badiliko unalolisikia.

Maswali

1. Tafuta robo ya wimbi kwa megahezi 27, 72 na 100.
2. Antena moja imeinama kwa nyuzi 60 kutoka kwenye mlalo wa wimbi. Nyingine iko pembe mraba nayo, katika bapa lile lile linalokabili wimbi. Kila moja inapokea sehemu gani ya nguvu?
3. Mwanafunzi amekata kebo ya kipokezi cha megahezi 2,440 ili iwe na urefu wa milimita 31 kwa jumla, lakini ngao hakuiondoa. Eleza kosa lake.

Majibu: (1) mita 2.78, 1.04, 0.75. (2) Robo, na robo tatu. (3) Urefu unaohusika ni wa ncha isiyo na ngao. Maadamu ngao imefunika waya wote, hakuna antena.