Rafu za vitabu kwenye ukuta uliopinda

SWALI: Nyumba yetu ni ya zamani, ipo Mji Mkongwe, Zanzibar. Sebuleni kuna pembe yenye upana wa kama sentimita 90 ambamo natamani kuweka vitabu. Fundi ametengeneza rafu mara mbili, hazikuingia. Tatizo ni nini?

JIBU: Pole sana. Tatizo ni kipimo. Kuta za mawe na chokaa huwa hazijanyooka. Pembe huweza kuwa pana juu na nyembamba chini. Mwambie fundi apime upana wa kila rafu peke yake, mbele na nyuma.

Kisha atumie kadibodi. Aisimamishe karibu na ukuta, achukue kipande kidogo cha mbao, abane penseli pembeni yake, akiburuze taratibu ukutani toka juu hadi chini. Kila tumbo na kila shimo la ukuta litajichora. Mchoro huo ndio wa kukatia ubao. Nimeona pengo la vidole viwili likizibika hivyo bila tone la plasta.

Rafu zisining'inizwe ukutani, maana chokaa hubomoka na skrubu hulegea. Fremu isimame yenyewe sakafuni. Ukitumia plaiwudi ya milimita 18, weka nguzo katikati. Vitabu ni vizito, ubao utapinda.

Nyuma acha nafasi ya sentimita 3 hewa ipite. Kuta hizo hunyonya unyevu, na vitabu vikizigusa huota ukungu. Kwa sababu ya unyevu huo, tafadhali msizibe kuta hizo kwa saruji.