Kabla Mkanda wa Jeshi Haujatokea: VVU na Kinga ya Mwili

Mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Wakati huo wengi hawakujua wanapambana na nini. Huyu alikohoa damu, yule alishindwa kumeza kwa utando mweupe uliojaa kooni, mwingine aliharisha hadi akabaki mifupa. Ndugu waliowauguza waliona magonjwa mengi, na baadhi wakatafuta mchawi. Kumbe chanzo kilikuwa kimoja, VVU, yaani virusi vya UKIMWI, nacho kilikuwa kimeanza kazi miaka mingi nyuma.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4. Chembe hizi ndizo zinazotambua kuwa kuna vijidudu vimeingia, kisha huziamsha chembe nyingine zitengeneze kinga au ziwaue wavamizi. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. VVU hushika CD4, huingia ndani na kupachika vinasaba vyake katika vinasaba vya chembe yenyewe. Tangu hapo chembe hiyo hutumika kuzalisha virusi vipya, na mwishowe hufa.

Wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi, wengi hupata homa, koo kuuma, vipele au mitoki. Huku kwetu homa ya namna hiyo hudhaniwa malaria. Mtu humeza dawa, homa hupoa, akasahau. Katika siku hizo virusi huwa vingi mno mwilini na ni rahisi kumwambukiza mwingine, ilhali kipimo cha haraka chaweza kuwa bado hakionyeshi kitu. Ndiyo maana mhudumu wa afya humwambia aliyejiweka hatarini arudi kupima tena baadaye.

Kisha hufuata kimya kirefu. Bila dawa, mtu mzima anaweza kuishi miaka minane hata kumi akilima, akifanya biashara na kunenepa kama kawaida, huku CD4 zikipungua mwaka hadi mwaka, mithili ya nguzo inayoliwa na mchwa chini ya rangi nzuri. Mwili hutengeneza nyingine kila siku, lakini zinazopotea ni nyingi zaidi. Kumtazama mtu kwa macho na kusema "huyu mzima" ni kujidanganya.

Kimya hicho kikikatika, dalili za kwanza mara nyingi ni mkanda wa jeshi kwa kijana, au fangasi mdomoni zisizokwisha. Kifua kikuu hakingoji: chaweza kuingia hata CD4 zikiwa bado nyingi kiasi, nacho ndicho kinachoongoza kwa kuua watu wenye VVU. Zikishuka chini ya 200, hata vijidudu ambavyo mwili wenye kinga huvidhibiti bila shida huwa hatari. Fangasi waletao homa ya uti wa mgongo ni mfano mmoja. Watoto wachanga hawana hata ile miaka ya kimya. Bila matibabu, karibu nusu ya walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Dawa za kufubaza makali ya VVU, zilizoanza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, huzuia virusi visizaliane. CD4 hupata nafasi ya kuongezeka tena. Anayemeza dawa zake kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti katika kila nyumba.

Hata hivyo, virusi vichache hubaki vimejificha ndani ya CD4 zilizolala, mahali dawa isipovifikia. Anayeacha dawa kwa sababu amepata nafuu au ameombewa, virusi vyake huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Mwenye dawa asiziache. Asiyejua hali yake aende kituo cha afya kilicho karibu akapime, na aliyejiweka hatarini leo awahi kabla ya saa 72 kupita, maana zipo dawa za kuzuia maambukizi.